Kutundika runinga ukutani: wapi, kimo gani, kwa skrubu zipi

Maswali ni yaleyale kila mara. Runinga ikae juu kiasi gani? Mbona skrubu inazunguka bure? Ukuta wa jipsamu utabeba? Majibu yamo humu, yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Soma mpaka mwisho kabla ya kushika drili, kwa sababu tundu likishatobolewa ndiyo basi.

Jambo moja liwe wazi mapema. Runinga inapoanguka, mara nyingi breketi yenyewe huokotwa ikiwa nzima. Kilichoshindwa ni ukuta, au ile plagi ya plastiki iliyokuwa ndani yake. Ukinunua breketi ya bei kubwa na kuifunga kwenye lipu, umefunga kwenye mchanga.

Vitu vya kuwa navyo

- Namba tatu za runinga yako: ukubwa kwa inchi, uzito bila stendi, na nafasi kati ya matundu manne ya mgongoni. Nafasi hiyo huitwa VESA na huandikwa kwa milimita, mfano 200 × 200 au 400 × 400. Kama haimo kwenye kijitabu, pima mwenyewe kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu.
- Breketi inayokubali VESA hiyo na inayobeba angalau mara moja na nusu ya uzito wa runinga.
- Drili yenye mtindo wa kugonga, pamoja na biti za zege: moja nyembamba ya mm 5 au 6, nyingine ya saizi ileile ya plagi zako.
- Plagi za nailoni za ukutani na skrubu zake. Zile zinazokuja ndani ya boksi la breketi zichunguze kwanza. Nyingi ni fupi na laini, na kwa ukuta wenye lipu nene hazifai.
- Pima maji ya sm 60 hivi. Simu ina programu ya kupimia usawa, lakini kamera ikiwa imechomoza mgongoni, itakupa jibu la uongo.
- Tepu ya kupimia, penseli, gundi ya karatasi ile ya wapaka rangi, na makaratasi au maboksi ya kukata.
- Bisibisi ya nyota, spana ya boksi inayoingia vichwa vya skrubu zako, nyundo, testa ya umeme, sumaku ndogo.
- Miwani ya kazi na barakoa.
- Mtu wa pili. Kuanzia inchi 43 usijaribu peke yako, hata kama una nguvu. Shida ni upana wa kioo kuliko uzito.

Breketi ipi?

Ziko aina tatu. Isiyosogea huiweka runinga karibu kabisa na ukuta, sm 2 hadi 5. Ya kuinama huiruhusu itazame chini nyuzi 5 hadi 15. Ya mkono hutoka nje na kugeuka kushoto na kulia.

Wengi hukimbilia ya mkono kwa kuwa inavutia dukani. Kabla ya kuichukua, piga hesabu hii. Runinga ya kilo 20 imevutwa sm 50 kutoka ukutani, na skrubu za juu za bamba (kile chuma cha breketi kinachofungwa ukutani) ziko sm 20 juu ya zile za chini. Skrubu za juu zinang'olewa kwa nguvu ya 20 × 50 ÷ 20, yaani sawa na kilo 50, bado hujahesabu anayeivuta. Runinga hiyohiyo kwenye breketi isiyosogea, ikiwa sm 5 tu kutoka ukutani, huzing'oa kwa kilo 5. Tofauti ni mara kumi kwa ukuta uleule. Mkono ununuliwe pale tu unapohitajika kweli: runinga iko kwenye kona, au inatazamwa kutoka vyumba viwili.

Hatua kwa hatua

1. Chagua ukuta. Kaa kwenye kiti utakachotazamia, saa ambayo kwa kawaida unatazama, kisha angalia mwanga. Dirisha likiwa mkabala na runinga, utaliona ndani ya kioo. Likiwa nyuma ya runinga, macho yatachoka. Ukuta mzuri ni ule ambao dirisha liko ubavuni mwake.

Epuka ukuta wenye unyevu au ule ambao upande wa pili una bafu, kwa sababu mabomba hupita humo. Epuka juu ya jiko au chanzo chochote cha joto, na usiiweke chini ya kiyoyozi: siku mfereji wake wa maji utakapoziba, matone yataingia moja kwa moja kwenye matundu ya hewa ya runinga. Acha sm 10 za hewa juu na pembeni.

2. Pima umbali. Zidisha inchi za runinga kwa 2.54 upate sentimita, kisha zidisha kwa 1.2 na kwa 1.6. Kati ya majibu hayo mawili ndipo kiti kinapokaa vizuri. Kwa inchi 43 ni kama mita 1.3 hadi 1.75, kwa inchi 55 mita 1.7 hadi 2.2, kwa inchi 65 mita 2 hadi 2.6. Kukaa mbali zaidi hakuna madhara, ila maandishi madogo ya chini ya picha yatakusumbua.

3. Chagua kimo. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa ni lilelile: juu mno. Anayetundika huwa amesimama, basi huiweka usawa wa macho ya aliyesimama. Kisha watu wanakaa chini na kutazama kama walio viti vya mbele kwenye sinema, shingo nyuma.

Kaa kama ulivyozoea kukaa, mgongo umelegea, na mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye macho yako. Kwenye makochi mengi huwa sm 100 hadi 110. Katikati ya runinga iwe hapo, au si zaidi ya sm 15 juu ya hapo. Kwa inchi 55, ambayo kimo chake na fremu ni kama sm 70, ukingo wa chini utaangukia kati ya sm 65 na 90 kutoka sakafuni. Ukisimama utaona iko chini sana. Usishtuke.

Ili kuhakikisha, kata maboksi kwa ukubwa wa runinga (inchi 43 ni kama sm 96 × 56, inchi 55 ni 123 × 71, inchi 65 ni 145 × 83) uyabandike ukutani kwa gundi ya karatasi, uyaache usiku mmoja. Kila anayeishi humo ayapite na akae mbele yake. Utagundua mlango unaoyagonga, kabati linaloyafunika chini, au swichi ya taa inayopotea nyuma yake.

Chumba cha kulala kina kanuni yake. Anayetazama amelala, kwa hiyo runinga hupanda juu na breketi ya kuinama ndiyo inayofaa.

4. Ujue ukuta wako. Gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito na fupi ni ukuta uliojaa. Sauti ya ngoma ni jipsamu au ubao wenye uwazi nyuma. Kisha, ukishafuata kwanza hatua ya 5, mahali ambapo runinga itafunika, toboa tundu dogo kwa biti ya mm 5 bila kugonga, na utazame vumbi:

- Vumbi jeupe laini mwanzoni ni lipu au jipsamu. Angalia biti imeingia kiasi gani kabla rangi haijabadilika. Huo ndio unene wa lipu, na ni kipimo utakachokihitaji baadaye.
- Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma.
- La kijivu ni tofali la saruji au zege. Zege hukataa biti. Tofali huikubali polepole.
- Biti ikizama ghafla kama imeanguka, umefika kwenye uwazi: ni tofali lenye matundu, au umetoka nyuma ya jipsamu.

Hili tundu dogo huokoa kazi nyingi, nalo halionekani tena runinga ikishapanda.

5. Tafuta nyaya na mabomba. Nyaya za umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu moja kwa moja, chini, wala ubavuni mwa soketi au swichi yoyote. Zima umeme wa saketi ya ukuta huo na uhakikishe kwa testa. Kama drili yako ni ya waya, chukua umeme kutoka saketi nyingine. Testa hiyo ijaribu kwanza kwenye soketi iliyo hai. Testa mbovu haiwaki popote, na hapo ndipo watu hujidanganya.

6. Funga vyuma vya mgongoni, yaani vile vya breketi vinavyoshika runinga kwa nyuma. Tandika blanketi juu ya meza bapa iliyo kubwa kuliko kioo. Ondoa rimoti, funguo na vifungo vya nguo, kisha laza runinga kifudifudi huku mkiishika kwenye kingo, si katikati ya kioo. Zile runinga nyembamba kama sahani ni afadhali zibaki zimesimama, mmoja akishika na mwingine akifunga.

Skrubu za mgongoni ni M4, M6 au M8. Urefu wake ndio wa kuangaliwa. Ikiwa ndefu mno itagusa vifaa vya ndani au kusukuma kioo kutoka nyuma. Ingiza kijiti cha meno ndani ya tundu mpaka kigote, weka alama, upime. Jumlisha unene wa chuma na wosha, au kikombe cha plastiki kama mgongo wa runinga una shimo, kisha toa mm 2. Huo ndio urefu wa juu kabisa. Kaza kwa mkono. Drili ikikazia hapa, uzi wa ndani ya runinga utakatika, na huo hautengenezeki kirahisi.

7. Piga hesabu ya mstari wa matundu. Usikisie kwamba VESA iko katikati ya runinga. Nyingi ziko chini au juu ya katikati. Pima mambo mawili:

A: kutoka ukingo wa chini wa runinga hadi ndani ya kulabu ya vyuma vya mgongoni, pale inapokalia bamba.
B: kwenye bamba la ukutani, kutoka ukingo wa juu unaoshikwa na kulabu hadi mstari wa matundu ya juu ya skrubu.

Kimo cha matundu kutoka sakafuni = kimo cha ukingo wa chini unachotaka + A − B.

Tuseme unataka ukingo wa chini uwe sm 75, A ni sm 48 na B ni sm 3. Utatoboa kwenye sm 120. Andika hesabu yenyewe ukutani kwa penseli, si jibu tu, ili mwenzako aikague. Kuacha kutoa B, au kupima A hadi kwenye tundu la VESA badala ya kulabu, ndiko kunakozaa ile runinga iliyopanda au kushuka sm kadhaa bila mtu kujua kwa nini.

8. Toboa. Weka alama ya tundu moja tu kwanza. Gusa alama kwa ncha ya msumari na nyundo ili biti isiteleze, anza na biti nyembamba bila kugonga, kisha ingiza biti ya saizi ya plagi. Kwenye zege washa kugonga. Kwenye tofali lenye matundu acha kugonga kabisa, kwani kuta zake za ndani ni nyembamba na zitavunjika.

Kina ndicho hiki. Lipu haibebi chochote, kwa hiyo plagi yote ikae nyuma yake. Lipu ikiwa mm 20 na plagi mm 50, ongeza mm 10 za vumbi na usalama: toboa mm 80 hadi 85. Funga gundi ya karatasi kwenye biti kwa kipimo hicho ikuonyeshe pa kuishia. Skrubu iwe na urefu wa bamba (mm 3) + lipu (20) + plagi (50) + mm chache za kutokeza, yaani mm 80. Plagi ya mm 10 huchukua skrubu ya mm 8. Plagi ya mm 8 huchukua ya mm 5 hadi 6.

Vumbi litoe kwa kupuliza kwa mrija au kwa kifyonza vumbi. Tundu lenye vumbi huishika plagi leo na kuiachia kesho.

9. Funga bamba. Ingiza plagi kwa kuigonga kidogokidogo, kisha isukume kwa msumari mnene ivuke lipu. Funga skrubu ya kwanza bila kuikaza, weka pima maji juu ya bamba, na sasa ndipo uweke alama za matundu mengine huku bamba likiwa sawa. Ukiweka alama zote nne mara moja, biti ikipotea mm 3 tu kwenye tundu moja, kazi yote imepinda. Tumia angalau skrubu nne, zikiwa mbalimbali kadiri bamba linavyoruhusu.

Kwa jipsamu kazi ni nyingine. Pitisha sumaku polepole: itanata kwenye vichwa vya skrubu vilivyofichwa chini ya rangi, na vichwa hivyo viko juu ya nguzo za ndani, ambazo kwa kawaida hupishana kwa sm 40 au 60. Nguzo ikiwa ya mbao, funga humo moja kwa moja bila plagi, baada ya kutoboa tundu la kuongoza la mm 4 kwa skrubu ya mm 6. Kama matundu ya bamba hayaangukii nguzo mbili, funga kwanza plaiwudi ya mm 18 kwenye nguzo, kisha bamba juu yake. Jipsamu peke yake, kwa plagi za chuma zenye mabawa yanayofunguka nyuma, ibebe runinga ndogo ya inchi 32 kwa breketi isiyosogea, basi. Breketi ya mkono kwenye jipsamu bila nguzo usiifikirie.

10. Jaribu, kisha tundika. Shika bamba kwa mikono miwili, livute chini na mbele kwa uzito wako. Ukisikia mlio wowote, au ukiona ufa mwembamba kwenye rangi kuzunguka skrubu, rudi hatua ya 8.

Kwenye breketi isiyosogea, chomeka nyaya zote kabla ya kutundika, maana baadaye mkono hauingii. Inueni pamoja, kulabu za juu zishike kwanza, halafu shusheni sehemu ya chini taratibu. Aliye pembeni achungulie nyuma kuona kama kulabu zote mbili zimekaa. Moja ikikaa na nyingine ikiwa juu ya ukingo, runinga itaonekana sawa mpaka atakapoigusa mtu. Mwisho funga skrubu ndogo za usalama za chini.

11. Nyaya. Kama unaficha nyaya ukutani, pitisha bomba la plastiki la mm 40 na uache uzi ndani yake. Kichwa cha kebo ya HDMI hakipiti kwenye bomba jembamba. Waya laini wa umeme wa runinga usifukiwe ukutani. Weka soketi nyuma ya runinga, na hiyo ifanywe na fundi umeme. Anayepanga nyumba atumie mfereji wa plastiki wa kubandika juu ya ukuta, aupake rangi ya ukuta.

Mambo yakienda kombo

*Skrubu inazunguka bila kukaza.* Tundu ni pana au ukuta umevunjika ndani. Njiti za kiberiti na karatasi si dawa. Panua tundu uingize plagi kubwa zaidi, au jaza gundi maalumu ya kemikali ya kushikia vyuma ukutani, uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwenye tofali lenye matundu gundi hiyo iingie ndani ya soksi yake ya wavu, la sivyo itamwagika kwenye uwazi.

*Biti imekataa na inatoa cheche.* Umegusa nondo. Usilazimishe. Sogea sm 3 pembeni. Bamba nyingi zina nafasi ndefu za kukuwezesha.

*Runinga imepinda kidogo.* Angalia kama breketi ina skrubu za kurekebisha usawa juu ya vyuma vya mgongoni. Kama haina, legeza bamba na utumie nafasi ndefu za matundu. Weka pima maji kwenye ukingo wa runinga, kisha simama mbali utazame: dari au kabati la chini likiwa limepinda, runinga iliyo sawa ndiyo itakayoonekana mbovu. Hapo fuata jicho.

*Inalala mbele yenyewe.* Kaza bolti za pembeni za sehemu inayoinama. Ikiendelea, breketi ni ndogo kwa uzito huo.

*Kebo haichomeki, ukuta umebana.* Tumia kichwa cha HDMI chenye kona ya nyuzi 90. Usipinde kebo kwa nguvu. Mlango wa HDMI huvunjika ndani ya runinga.

*Rimoti ya king'amuzi haifanyi kazi.* Umekificha nyuma ya runinga na mwanga wa rimoti haukifikii. Kishushe, au tumia jicho la waya linalobandikwa chini ya fremu.

*Mlio wa "tak" usiku.* Ukisikika dakika chache baada ya kuzima, ni plastiki inayopoa. Ukisikika runinga ikiwa haijawashwa siku nzima, ishushe ukague skrubu.